Kwa nini hugusi chuma siku ya kwanza ukija na nyonga inayouma

Wiki hii nimeletewa tena lawama ileile. Dereva mmoja wa trela, mtu wetu wa siku nyingi, alilipa shilingi 30,000 za Uganda tumpime nyonga. Alipotoka akawaambia wenzake pale wanapoegesha malori kwamba hapa Busia kuna jimu inayokula hela za watu: "Nimelazwa kwenye mkeka saa nzima, sikushika hata chuma kimoja!" Maneno yamenifikia, na yameniuma, kwa sababu saa ile ya mkeka ndiyo kazi yenyewe.

Mtu akiniambia "kocha, nyonga," namwomba anionyeshe kwa kidole kimoja. Akigusa kinena, au akikumbatia ubavu wa nyonga kwa kiganja, dole gumba nyuma na vidole mbele, macho yangu yanaenda kwenye kiungo chenyewe. Akigusa lile fupa la nje analolalia usiku, mara nyingi ni kano za misuli ya makalio. Akishika nyuma na maumivu yanateremka hadi chini ya goti, naanza kuuliza habari za mgongo. Wote watatu wamesema "nyonga", lakini dawa ya mmoja humwumiza mwenzake.

Dereva wetu aligusa kinena. Nilimlaza chali, nikampandisha goti kifuani na kulielekeza ndani kidogo, akashtuka: "Hapohapo!" Kisha nikampa fimbo ya fagio begani achuchumae. Miguu alikuwa ameibana, vidole vimetazama mbele moja kwa moja, kwa kuwa ameona hivyo kwenye simu. Kichwa cha mfupa wa paja kimekaa ndani ya kikombe cha fupanyonga, na vikombe havilingani. Cha mwingine ni kirefu, cha mwingine kimegeukia mbele, kwa hiyo skwati ya mtu wa kwenye simu si lazima iwe yako. Nilimwachanisha miguu shubiri moja zaidi, vidole vikatazama nje kidogo, nikamwekea benchi nyuma asishuke kupita hapo. Maumivu aliyoyapa saba kwa kumi yakawa mawili. Hicho ndicho alicholipia. Na nilimweleza pia kwamba kuendesha karibu kilomita 200 kutoka Kampala, magoti yamepanda, kisha kuruka kutoka kwenye kebini na kuingia chini ya kilo 100 bila hata dakika 10 za kupasha mwili, nyonga haitamsamehe.

Wengi hawaji kwangu kwanza. Wanapitia duka la dawa, wanachomwa diklofenaki, jioni wako kwenye vyuma. Sindano inanyamazisha maumivu, lakini mzigo uko palepale, na ukiizoea, tumbo na figo vinaanza kudai. Nimemwona kijana mmoja, afande, aliyekuwa akijiandaa kwa mbio. Kinena kilimuuma, akachomwa mara tatu, akaendelea kukimbia na kupiga skwati. Alipofika kwangu alikuwa anachechemea, na usiku halali. Nilimwuliza tu kama mguu ule unakubali kubeba uzito wake, akatikisa kichwa. Sikumgusa, na hela yake nilimrudishia. Nikamwambia aazime magongo, aende hospitali. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu, wakataka kumrudisha kazini. Nikamsihi asikubali, adai nyingine. Ya pili ikaonyesha ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Alikaa na magongo miezi. Shilingi alizokwepa kunilipa mapema, kabla ya sindano, amezilipa mara nyingi sana kwa nauli, picha na siku za kazi.

Njia nyingine ya mkato ni kuvuta. Mama mmoja muuza vitenge alikuwa anaumwa upande wa nje, na kila asubuhi binamu yake anamvutia mguu kuupitisha juu ya mwenzake mpaka machozi yamtoke, eti msuli umekaza. Kumbe mvuto huo unazibana zile kano kwenye mfupa. Tuliukomesha. Nikamwomba alale na mto katikati ya magoti, aache kukunja nne, na pale dukani asisimame ameegemea nyonga moja. Tukaanza na kuinua makalio akiwa amelala chali, kisha hatua za ubavu na mpira magotini. Kila zoezi ruhusa ya maumivu ni tatu kwa kumi, na asubuhi ya pili lazima yawe yamerudi yalipokuwa. Yakizidi, tunapunguza kilo. Wiki ya kumi aliinua kilo 40 kutoka sakafuni, akacheka peke yake.

Kuhusu bei: 30,000 ni ya saa ya kwanza, mtu mmoja, mimi simu nimezima. Saa zinazofuata ni 15,000. Anayetaka kuingia tu na kunyanyua alipe 5,000 ya siku, simzuii, ila asiniite katikati ya seti nimwangalie nyonga huku watu wanne wananisubiri. Kazi hiyo haifanyiki kwa jicho moja.

Mwenye selimundu, au aliyetumia dawa za steroidi muda mrefu, akianza kuumwa kinena aanzie hospitali, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakosa damu na hilo mimi silioni kwa mkono. Vivyo hivyo mwenye homa pamoja na maumivu, au aliyeanguka na mguu ukakataa uzito.

Wengine wote njooni na kaptura pana. Siku hiyo usimeze dawa ya maumivu uliyojinunulia mwenyewe, maana utanifichia ninachokitafuta. Dereva wetu nimemwekea Alhamisi saa kumi na moja jioni, akishapumzika safari. Benchi lake ni lile fupi la mbao karibu na dirisha, na siku hiyo chuma atashika.