Barua kutoka Cairo: kabla hamjapima viwanja

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wote wazima, na kwamba mguu wa Mama umepata nafuu. Mimi sijambo, masomo yanaendelea.

Kaka kaniambia madalali wameshafika bondeni na kuna mazungumzo ya kulikata shamba viwanja. Sipingi watu kupata nyumba; mjukuu hawezi kulala juu ya mti. Ila Misri, nchi ninayoishi, imelipitia jambo hili kwa muda mrefu, nami naomba unisikilize kidogo.

Ukipita barabara ya mzunguko upande wa Giza, mji jirani na Cairo, unaona majengo ya matofali mekundu yasiyopigwa lipu, nondo zimechomoza juu zikingoja ghorofa ya mtoto atakayeoa. Katikati yake vimebaki vipande vya kijani. Hakuna aliyekusudia kuua kilimo pale. Mzee mmoja alijengea wanawe kwenye kona ya fedani yake (fedani inaizidi ekari kidogo tu). Nyumba zikaongezeka, mfereji wa maji ukajaa taka, jirani aliyetaka kuendelea kulima akashindwa kumwagilia, naye akauza. Hapo ndipo ninapoogopa, Baba Mdogo: anayeuza kwanza huamua hata kwa niaba ya asiyetaka kuuza.

Na udongo wenyewe si wa kununua. Mafuriko ya Nile yaliushusha kutoka milima ya Ethiopia kwa maelfu ya miaka. Tangu Bwawa Kuu la Aswan likamilike mwaka 1970, tope hukwama nyuma ya ukuta, kwa hiyo shamba linalofunikwa kwa zege halina mbadala. Kuna waliokuwa wakikwangua tabaka la juu la mashamba yao na kuliuza kwa wachoma matofali, mpaka sheria ya mwaka 1983 ikakataza. Yaani shamba liliondoka likiwa ukuta wa nyumba ya mtu mwingine!

Sheria hazikukosekana. Mwaka 1996 kujenga kwenye ardhi ya kilimo kulitiwa adhabu kali. Yalipotokea mapinduzi ya 2011 na usimamizi ukalegea, watu wakamwaga zege usiku na mchana. Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kuwaruhusu wengi wa waliokiuka taratibu za ujenzi walipe na kuhalalishiwa majengo yao. Kwa maoni yangu, mjenzi akishajua msamaha upo njiani, faini anaihesabu kama bei ya saruji.

Serikali imejenga miji jangwani tangu miaka ya 1970, lakini wengi hawataki kuhama mbali na ndugu na kazi zao. Wakati huohuo inafungua mashamba kwenye mchanga huohuo wa jangwa, kwa pampu na mbolea nyingi. Nyumba zimekaa kwenye tope, kilimo kimepelekwa mchangani. Nikiliwaza hili nacheka, kisha nakasirika.

Nisizidishe chumvi: hata kama wasingejenga tofali moja, watu zaidi ya milioni 100 wasingejitosheleza kwa bonde hili jembamba. Lakini kila fedani inayopotea huongeza ngano ya kununua nje, na Misri ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa duniani. Vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, nchi hizo mbili ndizo zilizokuwa zikiiletea sehemu kubwa ya ngano hiyo. Juni 2024 mkate wa ruzuku ulipanda kutoka piasta 5 (piasta ni senti ya Misri) hadi 20.

Sasa la kwetu. Kama lazima kuuza, kwa nini tusianzie kilimani nyuma ya nyumba ya Babu, kwenye mawe yale ambako mahindi hayajawahi kututendea haki? Najua bei itakuwa ndogo na maji yatabidi kupandishwa. Lakini bondeni maji hujaa masika. Tutamuuzia mtu kiwanja, na mvua ya kwanza atakuja kutulalamikia.

Naomba usisaini chochote kwanza. Mpimaji akija, mpandishe juu akapime kilimani, halafu Kaka anitumie vipimo. Gharama ya kumlipa tutachangiana, mimi nitatuma fungu langu mwisho wa mwezi. Na Mama naye aulizwe, maana bondeni anayelima ni yeye.

Wasalimie wote.

Mwanao