Risala ya Chama cha Mdahalo kwa Mgeni Rasmi Kuhusu Akili Unde na Usalama wa Taifa

Mheshimiwa Mbunge na Mgeni wetu Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Assalaam aleikum.

Kwa niaba ya chama cha mdahalo cha shule yetu hapa Lamu, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Muhula huu tumejadili suala moja kwa kirefu: vyombo vya usalama vikitumia akili unde kumtambua mshukiwa, nani atawajibika kwa mwananchi pindi mashine itakapokosea?

Mheshimiwa, hatusemi haya kwa kupuuza usalama. Mpeketoni ilishambuliwa Juni 2014, Manda ikashambuliwa Januari 2020, na wavuvi wetu walizuiwa kwa miaka kuvua usiku. Tunamthamini askari anayesimama kizuizini. Hata hivyo, abiria wa Mokowe anaposhuka garini na kitambulisho mkononi, askari humtazama usoni, humuuliza atokako na aendako, na akishuku, abiria hupata nafasi ya kujieleza. Mashine haina sikio la kusikiliza maelezo hayo. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, hivyo majina yale yale hurudi nyumba hadi nyumba, na mvuvi wa Kiwayu anaweza kukaa baharini simu yake isipatikane, kisha akarudi usiku wa manane. Programu iliyofunzwa kwa maisha ya mji mwingine yaweza kumhesabu kuwa mtu hatari, ilhali yuko katika kutafuta riziki.

Mambo haya yamekwisha kutokea kwingine. Januari 2020 polisi wa Detroit, Marekani, walimkamata Robert Williams mbele ya mkewe na binti zake kwa sababu programu ya kutambua nyuso ilimfananisha na mwizi wa saa aliyenaswa na kamera ya duka. Hakuwa yeye. Angalau alikuja kujua kilichomponza, akashtaki. Suala likiitwa la usalama wa taifa hugubikwa na siri, na aliyedhulumiwa huenda asijue hata mlango wa kubisha.

Kifungu cha 238 cha Katiba yetu ya 2010 kinauweka usalama wa taifa chini ya mamlaka ya Katiba na Bunge, na Kifungu cha 240 kinalitaka Baraza la Usalama wa Taifa liripoti Bungeni kila mwaka. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inamkinga mtu asiamuliwe na mashine peke yake, lakini inalegeza masharti yake pale usalama wa taifa unapohusika. Kwa maoni yetu, palipolegezwa sheria ndipo Bunge linapopaswa kukaza macho zaidi.

Kwa hivyo tunakuomba, Mheshimiwa, uulize Bungeni ni mifumo gani ya aina hii inayotumika nchini, na udai ripoti hiyo ya kila mwaka iitaje pamoja na makosa yake. Siri za operesheni hatuziombi. Tunaomba pia kila uamuzi wa kumzuia mtu utiwe saini na afisa aliyeufikia, ili jamaa zake wajue wa kumuuliza, na mfumo wowote utakaoletwa Lamu ujaribiwe kwanza kwa majina na nyuso za watu wa huku.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanachama wa chama cha mdahalo.