Barua ya wazi: Faili la mwanangu liko chini ya chupa ya chai

Mheshimiwa, salaam, na pole na majukumu.

Mimi naanika dagaa Kibirizi. Hunijui, ingawa mwaka jana ulisimama pale mwaloni ukasema hakuna mtoto wa Kigoma atakayekosa matibabu kwa sababu ya karatasi. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Binti yangu ana miaka 2. Tumbo lilianza kujaa upande wa kulia, tukaambiwa minyoo, kisha bandama. Miezi minne ya dawa za minyoo! (Nyumbani nako tulishapata mchawi. Jirani yetu atusamehe.) Dar es Salaam ndiko walikoupa ugonjwa jina: hepatoblastoma, saratani ya ini ya watoto wadogo, inayompata mtoto mmoja au wawili katika kila milioni kwa mwaka. Akatundikiwa dripu za sisplatini, dawa ya saratani, nywele zikaisha, uvimbe ukasinyaa. Daktari akanichorea ini nyuma ya karatasi ya vipimo, vipande vinane, akapitisha kalamu: hivi tunatoa, hivi vinabaki, na ini litakua tena. Ila uvimbe utoke wote, na utoke sasa, dawa ikiwa bado imeubana.

Hiyo "sasa" leo ina wiki tatu. Tulirudi kufuata barua ya msamaha wa gharama, maana dagaa hawalipi upasuaji. Jumatatu nimelikuta faili letu mezani, ofisi iliyo chini yako, limetegeshewa chupa ya chai. Jalada lina duara la maji. Msainiji yuko semina. Anarudi lini? "Mzee, vuta subira." Labda ni ile "ya soda" niliyogoma kutoa, labda kweli ni semina. Semina ya wiki tatu, hongereni.

Mashine ya picha za ndani ya mwili, CT-scan, uliyoahidi tutaisubiri. Mabingwa uliowaahidi tutawasubiri. Reli ya kwenda Dar ni zaidi ya kilomita 1,200, nimeipita nikiwa nimempakata na nitaipita tena. Naomba saini tu. Kama mwenye kalamu hayupo, hakuna mwingine anayejua kuandika jina lake?

Jana usiku amelala, nimempima tumbo kwa uzi wa nyavu, palepale nilipofunga fundo wiki iliyopita. Fundo halikufika. Limebaki pengo la kidole.

Saini, Mheshimiwa.

Baba yake,
Ujiji