Moshi wa saa moja jioni

Rashidi ndugu yangu,

Salamu zako zimefika, na Mama anakuombea dua kwa zile pesa za dawa. Swafia hajambo, pumu imetulia, ingawa usiku bado tunamwinua kwa mito miwili.

Sasa nikwambie la moshi. Kituo cha stima kilicho nyuma ya ukuta wetu mchana hunyamaza, waweza kusahau kama kipo. Ikifika saa moja jioni, watu wakiwasha taa, runinga na pasi za nguo za shule, ndipo mitambo huamshwa kuongezea stima ya mvuke wa ardhini ya huko kwenu Olkaria na ya mabwawa. Ngurumo hutangulia, vikombe vikatetemeka kabatini. Kisha dohani hutoa wingu jeusi, maana injini bado ni baridi na mafuta hayaungui yakaisha. Upepo ukilala, wingu hushukia papa hapa.

Juzi nilisahau leso nyeupe ya Mama kambani. Nikapangusa doa kwa kidole, likavutika kama wanja. Vumbi lingekung'utwa likatoka; hili lina mafuta ndani yake, hata sabuni ya kipande imeshindwa.

Wanachoma mafuta mazito, yale meusi yasiyotiririka vizuri mpaka yapashwe moto, tena yana salfa. Kila kilo ikiungua hutoa zaidi ya kilo 3 za kaboni dayoksaidi, kwa kuwa oksijeni ya hewani nayo hujiunga humo. Hiyo ni ya dunia nzima. Masizi na gesi ya salfa ni vya mtaa wetu, na kifua cha Swafia kiko humu mtaani. Wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walishatamka mwaka 2012 kwamba moshi wa injini za dizeli, kama hizi, husababisha saratani.

Twaambiwa karibu asilimia 90 ya stima ya Kenya ni safi. Nafurahi kwa dhati, na jasho lako limo. Lakini sehemu ya ile iliyobaki inachomewa hapa, Rashidi. Vipimo tulivyoonyeshwa ni wastani wa mwaka mzima, na kituo cha saa tatu kwa siku ukikigawanya kwa saa zote kitaonekana safi tu. Nataka wapime saa moja hadi saa nne usiku, ukutani kwetu.

Wewe ni mtu wa mitambo. Niandikie nini kipimwe, kwa chombo gani, na kama injini zaweza kupashwa moto kabla ya kuwashwa, tuyatie kwenye barua ya mtaa. Mkutano ni Jumamosi ijayo baada ya Alasiri, usingoje mwisho wa mwezi.

Nduguyo,
Athumani