Barua kwa rafiki anayetafuta watu wa kujitolea

Sahibu yangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa jamii yenu ya kushirikiana picha, sauti na video mtandaoni kukua hadi watu wawili hamuiwezi tena. Umeniuliza tangazo la kuwaita watu wa kujitolea liandikweje ili waje wengi. Tangazo liweke kando kwanza, tuhesabu foleni ya faili zinazosubiri kukaguliwa.

Chukua faili zinazopakiwa siku moja ya kawaida. Tuseme ni 120. Katika hizo, 100 hivi ni nyepesi: picha ni ya mpakiaji mwenyewe, leseni (ruhusa ya kuitumia) ipo, maelezo yapo, na mkaguzi humaliza kila moja kwa dakika 2. Zile 20 zilizobaki ndizo zinazokula watu, maana ni kutafuta asili ya picha, kumwandikia mpakiaji, kusubiri jibu, kisha kurudi tena. Zipe dakika 10 kila moja. Jumla ni dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40 kwa siku, karibu saa 47 kwa wiki. Mtu mwenye kazi yake na familia yake anaweza kutoa saa 3 kwa wiki bila kuichukia kazi hiyo. Kwa hiyo mnahitaji watu 16, na kwa kuwa kuna kuugua, mitihani na safari, semeni 20.

Lakini usiwaite 20 kwa mpigo. Mkufunzi mmoja hawashiki wanagenzi zaidi ya 3 kwa wakati mmoja, nanyi wakufunzi ni wawili tu. Wakijitokeza watu 60, 54 watakaa kimya wakisubiri kujibiwa, na mtu aliyejitolea akapuuzwa harudi hata ukimwita kwa jina. Chukueni 6 kila baada ya wiki 4. Wengine wataacha njiani, ndivyo kazi hii ilivyo, na watakaobaki katika kundi la kwanza watakuwa wakufunzi wa kundi la tatu. Anayeomba ajibiwe ndani ya siku 2, hata kama jibu lenyewe ni “subiri kundi la mwezi ujao”.

Watu wenyewe mnao tayari. Fungua daftari la mabadiliko, yaani orodha ya nani alibadilisha nini kwenye tovuti, umtafute aliyerekebisha maelezo ya picha za wengine mara 10 au zaidi katika miezi 3 iliyopita bila kuombwa: aliyesahihisha jina la ndege lililokosewa, aliyehamisha faili kwenye kategoria yake, aliyemwambia mpakiaji kwa upole kwamba leseni imesahaulika. Huyo kazi ameshaianza. Mwandikie yeye binafsi, umtajie faili mbili au tatu alizozirekebisha, umwombe jambo moja lenye kipimo. Mahali pa pili pazuri ni ukurasa unaotokea mara tu mtu anapomaliza kupakia, kwa sababu hapo moyo wake ungali kwenye kazi. Ukurasa wa mwanzo hupitiwa na wengi, ila wengi wao wamekuja kuchukua tu.

Maneno ya tangazo yawe kama haya: “Tunatafuta watu 6 wa kukagua leseni za picha. Kazi ni saa 3 kwa wiki kwa miezi 3, kisha unaamua kuendelea au kuacha. Hakuna malipo. Uwe na miaka 18 au zaidi. Tutakufundisha wiki 3. Huhitaji ujuzi wa kompyuta zaidi ya kupakia na kupakua faili.” Kikomo cha miezi 3 usikitoe. Mtu asiyeuona mwisho wa kazi hutoroka kimyakimya, na hapo unabaki na jina kwenye orodha na foleni isiyosogea. Suala la pesa nalo liwe wazi tangu mwanzo: kama michango inalipia seva, sema, na kama yuko anayelipwa, sema pia. Wakija kuligundua wenyewe, hamtawapata tena.

Kwenye mafunzo ndipo jamii nyingi hupatia au kukosea. Usimpe mwanagenzi kitabu cha kanuni. Mpe faili 20 za majaribio. Nane ziwe safi kabisa. Nne ziwe picha za skrini zilizotolewa kwenye televisheni, na mpakiaji ameandika “kazi yangu mwenyewe” (wala hasemi uongo kwa makusudi, anadhani kubonyeza kitufe ndiko kutunga). Mbili ziwe picha ndogo, tuseme pikseli 720 kwa 960, zisizo na taarifa yoyote ya kamera. Mbili ziwe na leseni ya Creative Commons (shirika linalotunga leseni za wazi za kushirikiana kazi) inayokataza biashara. Mbili zionyeshe sanamu mpya au bango. Moja iwe video ya sherehe yenye wimbo wa msanii unaosikika mwanzo hadi mwisho. Ya mwisho iwe picha ya mtoto mbele ya nyumba, na ndani ya faili mmebaki viwianishi (namba za ramani) vya mahali ilipopigwa.

Usihesabu alama tu, sikiliza sababu zake. Picha ndogo isiyo na taarifa za kamera inatia shaka, lakini si ushahidi, maana programu nyingi za kutumiana ujumbe hupunguza picha na kufuta taarifa zake hata pale mpigaji anapokuwa ndiye mtumaji. Jibu sahihi hapo ni kumwomba mpakiaji faili halisi kutoka kwenye kamera. Sanamu na majengo hutegemea sheria ya nchi vilipo: zipo nchi zinazoruhusu kupiga picha kazi za sanaa zilizosimama hadharani na kuzisambaza, na zipo zisizoruhusu, kwa hiyo mkaguzi ajifunze kuuliza “hii iko wapi?” kabla ya kuuliza “ni ya nani?”. Kwa video ya sherehe, aliyeishika kamera ana haki ya picha, wimbo una mwenyewe. Na ile ya mtoto haina kosa la hakimiliki hata kidogo, lakini viwianishi lazima vifutwe na mpakiaji aulizwe kama mzazi ameridhia. Mwanagenzi anayeifuta tu na kusonga mbele hajaelewa. Anayefuta kila chenye shaka ni wa hatari kuliko anayepitisha viwili vibaya, kwa sababu faili mbaya mtaiona kesho, ila mpakiaji aliyefutiwa kazi yake halali bila maelezo hamtamwona tena.

Leseni zenyewe si nyingi. Creative Commons walitoa za kwanza Desemba 2002, toleo la 4.0 likaja 2013, na zilizo hai ni 6 pamoja na tamko la CC0 la kuachia haki zote. Amueni mapema mnapokea zipi na mziandike ukutani. Wikimedia Commons, hazina ya faili huria ya wenye Wikipedia iliyoanza Septemba 2004, haipokei zenye kukataza biashara wala zenye kukataza kubadilisha, na uamuzi huo umewapunguzia wakaguzi wake mabishano mengi. Mfundisheni kila mkaguzi mambo mawili. Kwanza, leseni hizi zikishatolewa hazinyang'anywi: mpakiaji aliyejuta anaweza kuacha kusambaza kazi yake, lakini aliyekwisha kuichukua kwa masharti yale anaendelea nayo. Aambiwe hivyo kwa upole, na kama faili haijatumika popote, ifuteni tu kwa hisani. Pili, ukurasa ambako faili ilichukuliwa unaweza kubadilisha leseni kesho. Kwa hiyo mtu wa pili, si yule aliyeipakia, aufungue, aone leseni kwa macho yake na kuandika tarehe aliyoiona. Mstari huo mmoja ndio utakaowakinga baada ya miaka mitano.

Sasa funguo. Kila mgeni atakuuliza lini atapewa kitufe cha kufuta. Anayeuliza siku ya kwanza mpeleke mwisho wa foleni. Ngazi ziwe nne. Wiki 3 za kwanza mwanagenzi anaweka tu alama ya uamuzi wake kwenye faili, na mkufunzi anathibitisha. Akishaweka alama 200 huku zilizotenguliwa hazizidi 10, anapewa uwezo wa kuficha faili, yaani kitendo kinachoweza kurudishwa. Kufuta na kufungia akaunti ni ngazi ya tatu, baada ya miezi 3, na hapo uthibitishaji wa hatua mbili ni wa lazima, kwa sababu akaunti ya msimamizi ikiibwa hufanya uharibifu wa mwezi kwa dakika 5. Seva ni ngazi ya nne, ya watu wawili au watatu. Asiyeingia kwa miezi 6 arudishwe ngazi ya chini bila lawama, akirudi apandishwe.

Yapo makosa yanayojirudia kila mahali. Msimamizi anamfungia mtu aliyekuwa akibishana naye: wekeni kanuni kwamba aliyehusika na ugomvi hauamui, na rufaa isikilizwe na mwingine kabisa. Faili inafutwa usiku, mwenyewe anaamka na kukuta pengo: faili yenye utata ijadiliwe waziwazi kwa siku 7, iliyo ovu waziwazi ndiyo iondoke papo hapo. Zamu zinagongana: andikeni saa kwa UTC (saa moja ya pamoja ya dunia) na kwa tarakimu nne, maana ukiandika “saa 2” kwa Kiswahili, mmoja ataelewa 08:00 na mwingine 02:00.

Halafu jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yenu. Mara nyingi limesajiliwa kwa barua pepe na kadi ya mwanzilishi mmoja, kadi inakwisha muda, mwanzilishi hajibu. Jina la .com likishafutwa na msajili hupewa siku 30 za kukombolewa kwa ada ya ziada, kisha siku 5, kisha yeyote anaweza kulinyakua. Watu wawili wawe na uwezo wa kulilipia na tarehe iwe kwenye kalenda ya wote. Nakala za akiba ziwe tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja iwe mbali na seva. Kila mwezi mtu wa kujitolea achague faili 10 kwa kubahatisha, azirudishe kutoka kwenye akiba na alinganishe alama zake za SHA-256 (mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika faili ikiguswa hata kidogo) na zile zilizoandikwa siku ya kupakiwa. Ni kazi ya nusu saa ambayo wapya huipenda kwa sababu jibu lake ni ndiyo au hapana.

Kuna picha ambazo mtu wa kujitolea hapaswi kuachiwa peke yake nazo. Foleni ya malalamiko ionyeshe picha zikiwa na ukungu na bila rangi, mkaguzi abonyeze mwenyewe akitaka kuona zaidi, na asikae hapo zaidi ya saa moja kwa zamu. Picha za unyanyasaji wa watoto si kazi yake kabisa. Asizipakue, asizitume kwa mwenzake kuuliza maoni, asizijadili. Anabonyeza kitufe kimoja kinachoifungia faili, na msimamizi mkuu anazifikisha kwa mamlaka husika siku hiyohiyo. Waambieni hivyo kabla hawajajiunga, na anayesema “hiyo foleni siiwezi” mpeni nyingine bila kumhoji.

Vivyo hivyo barua za kisheria. Kama seva zenu ziko Marekani, sheria ya 1998 inayoitwa DMCA inataka awepo mtu aliyetajwa wa kupokea madai ya hakimiliki. Mpakiaji akipinga, faili hurudishwa kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa mdai amefungua kesi. Mtu wa kujitolea asijibu hata mstari mmoja wa barua hizo. Azipeleke kwa huyo aliyetajwa, basi.

Wasiotaka kuhukumu wapeni kuelezea. Kuandika maneno yanayosemwa kwenye sauti humla mtu mpya dakika 5 hadi 8 kwa kila dakika ya mazungumzo, kwa hiyo mgawieni vipande vya dakika 3, asipewe hotuba nzima. Maelezo ya picha kwa wasioona yawe sentensi moja au mbili za kinachoonekana, bila kuanza na “hii ni picha ya”. Kutafsiri kurasa za msaada nako kunafaa, ila atafute mtu wa pili wa kusoma.

Nihesabie hiyo foleni ya siku moja kisha unitumie namba pamoja na rasimu ya tangazo kabla hujalibandika. Na zile faili 20, usizikusanye zote mwenyewe. Mwachie mwenzako achague nusu, maana ukizichagua peke yako utawapima kwa makosa unayoyajua wewe tu.

Wasalaam,
Rafiki yako