Daftari la mapokezi lisisomwe na foleni

Mhariri,

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, lakini kwenye madirisha mengi ya huduma hapa Kigoma fomu ni zilezile. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa achukue zinazohitajika tu, na kabla ya kuandika amweleze mwananchi zinachukuliwa za nini na nani mwingine atazipata.

Tazama safu ya "kabila" kwenye fomu ya mgonjwa. Haimsaidii muuguzi kusafisha kidonda. Na hapa kwetu, ambako Muha, ambaye lugha yake inafanana na Kirundi, akifungua mdomo huweza kuulizwa kama katokea Burundi, swali hilo humfanya mgonjwa aanze kujitetea kabla hajasema anaumwa nini. Kabila, dini na hali ya afya ni taarifa nyeti. Kwa kawaida hutakiwa ridhaa ya maandishi. Tiba ina msamaha wake, ila ni wa mhudumu wa afya. Mlinzi wa getini anayeuliza "unaumwa nini?" hayumo.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, nayo inaombwa ovyo. Ina tarakimu 20, na 8 za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Daftari la wageni lenye jina, simu na namba hiyo limeshatangaza na umri wa mtu. Anayekwenda kumwona mgonjwa, jina lake na wodi vinatosha. Kama shida ni kuhakikisha ni nani, tazama kitambulisho umrudishie; fotokopi ya nini?

Uvujaji mkubwa lakini hauhitaji hata kompyuta. Kitabu cha MTUHA, yaani rejesta ya kituo cha afya inayoandikwa wagonjwa, kikiachwa wazi mezani, anayefuata husoma ugonjwa wa aliyetangulia. Karani aandike mwenyewe, kitabu kimwelekee yeye, na mistari ya juu ifunikwe kwa boksi lililokatwa tundu la mstari mmoja. Wagonjwa waitwe kwa namba. Fomu zilizoharibika zichomwe, maana zikitupwa nzimanzima tutakuja kufungiwa karanga.

Anayeona fomu imezidi aanze kwa afisa ulinzi wa taarifa binafsi wa taasisi husika, ambaye sheria inataka awepo. Asiporidhika, apeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, akitaja fomu, dirisha na tarehe, na kipengele gani hasa hakikuwa na kazi.

Watunza kumbukumbu,
Kigoma Ujiji