Ukijani wa magadi usitudanganye

Mhariri,

Wazee huhimizwa kula mchicha kwa ajili ya damu. Habari ya ubongo husahaulika. Mchicha na matembele vina luteini, rangi ya manjano iliyofichwa na ukijani wa jani, ambayo hufika hadi kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) na ubongo. Utafiti wa Chicago uliochapishwa mwaka 2018, wa wazee 960, ulikuta uwezo wa akili ukipungua polepole zaidi kwa waliokula mboga za majani karibu kila siku. Huo ni uhusiano, si uthibitisho wa tiba.

Shida iko jikoni. Luteini huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji, hivyo mboga chukuchuku humfaidi mlaji kidogo. Katakata majani madogo, yapike kwa muda mfupi, tia kijiko cha mafuta, tui au karanga za kusaga. Magadi hubakisha ukijani unaopendeza macho, ila huharibu vitamini C. Za kukausha zianikwe kivulini, maana jua huharibu rangi hizo.

Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asizidishe mboga ghafla: vitamini K iliyomo hupunguza nguvu ya dawa. Azungumze kwanza na daktari.

Msomaji, Morogoro